Mtoto ana sikoseli, baba kapimwa hana: kisa cha nyumba moja ya Tanga

Baba alikuja peke yake. Ilikuwa inakaribia saa tano asubuhi, foleni ya wajawazito imeshapungua, akaweka bahasha mbili za kaki juu ya kaunta na kusema, "Dada, nisomee hizi. Nataka mtu wa maabara, daktari nimeshamsikia." Bahasha ya kwanza ilikuwa ya mtoto wake wa kiume wa miaka miwili: siklingi, yaani kipimo cha sikoseli, chanya. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe, kutoka zahanati ya binafsi aliyokwenda kimyakimya: siklingi, hasi. Halafu akatoa simu akanionyesha alichokisoma usiku kucha, kwamba mtoto hawezi kuugua sikoseli mpaka arithi ugonjwa huo kwa baba na kwa mama.

"Mama yake anazo hizo chembe, tumeambiwa. Mimi sina. Sasa huyu mtoto ni wa nani?"

Mkewe wakati huo alikuwa kwao Muheza, wiki ya tatu, na watoto wote wawili.

Nakieleza kisa hiki kwa ridhaa ya mume na mke, na vijambo vidogo nimevibadilisha ili wasitambulike. Nakieleza kirefu kwa sababu huyu baba hakuwa mtu wa kupuuza elimu. Alisoma, na alichosoma ni kweli kwa wagonjwa wengi wa selimundu, ndiyo hiyo sikoseli, tunaowaona. Kilichomponza ni kuamini kwamba kipimo chake kilimpa jibu la swali alilokuwa nalo moyoni, wakati kile kipimo kiliulizwa swali jingine kabisa.

Nianze na mtoto. Alizaliwa salama, uzito mzuri, na miezi sita ya kwanza hakuwa na shida yoyote. Mwezi wa nane mama aliamka akakuta vidole vyake vyote vya mikono vimevimba, vigumu, vinang'aa, na mtoto analia kila akiguswa. Bibi mzaa baba alisema ni jicho la watu. Zilifuata homa, kulazwa mara mbili, na macho kuwa ya njano. Aliyekuja kuagiza siklingi alikuwa daktari wa zamu wa mara ya pili, kipimo kikatoka chanya. Mama naye akapimwa, chanya. Baba siku hiyo alikuwa safarini, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo, kwa maana yeye alipimwa baadaye, peke yake, pasipo mtu wa kumweleza kitu.

Miezi ile ya mwanzo yenye heri ina sababu yake. Mtoto aliye tumboni hatumii himoglobini, ile protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, tunayotumia watu wazima. Ana yake, iitwayo himoglobini F, nayo haihitaji mnyororo wa beta, kile kipande cha himoglobini ya kiutu uzima ambacho kwenye selimundu kina kasoro. Akishazaliwa, F inapungua taratibu na ya kiutu uzima inachukua nafasi yake. Kufikia nusu mwaka zamu imebadilika, na kama ya kiutu uzima ni mbovu, ndipo ubovu unapojitokeza, mara nyingi kwa kuanzia kwenye vidole.

Pale nyumbani palikuwa na ushahidi wa pili, nao uliletwa na bibi. Kadi ya mtoto ilionyesha ana kundi la damu O. Baba ni A, mama ni B. Bibi akasema mtoto wa A na B hawezi kutoka O, hata mtu asiyesoma anaona. Hili nilimaliza palepale kaunta. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya kundi la damu, moja ya baba na moja ya mama, na O hujificha nyuma ya A au B. Baba wa kundi A anaweza kuwa na A na O ndani yake. Mama wa B anaweza kuwa na B na O. Kila mmoja akitoa ile O yake, mtoto ni O, na wala si ajabu. Tunawaona kila wiki. Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa. Hiyo nimeielewa. Na hii siklingi?"

Nikamchukua mpaka kwenye darubini. Siklingi ni kipimo cha zamani na rahisi: tone la damu kwenye kioo, tone la sodiamu metabisalfaiti la kuifyonza oksijeni, kifuniko chembamba juu, kingo zinazibwa hewa isiingie (sisi tunatumia rangi ya kucha), kisha unasubiri. Kama seli nyekundu zina himoglobini S, ile ya selimundu, zikikosa oksijeni zinajikunja na kuchongoka kama mundu. Nilimwekea kioo cha mgonjwa mwingine wa siku hiyo, bila jina, akaziona: nyembamba, zenye ncha, kama makapi ya mpunga yaliyomwagwa juu ya sahani. Kipimo hiki kinauliza swali moja tu: je, humu mna himoglobini S? Hakisemi ni kiasi gani, wala hakimtenganishi mbebaji mzima, mwenye nakala moja tu yenye kasoro, na mgonjwa, wote hutoka chanya. Na himoglobini ikiwa na kasoro isiyo S, kipimo hakina habari nayo. Baba huyu hana S. Zahanati ile ilimpima sawasawa na jibu lilikuwa la kweli.

Kilichonishtua ni karatasi ya tatu, ambayo hakuipa uzito hata kidogo. Ilikuwa picha kamili ya damu, imekunjwa ndani ya bahasha yake ileile, kwa sababu zahanati ilimpa vipimo viwili kwa bei ya pamoja. Wingi wa damu 12.6, chini kidogo ya inavyotakiwa kwa mwanamume. Seli nyekundu milioni 6.1 kwa kila maikrolita, nyingi kuliko kawaida. Na MCV, yaani ukubwa wa wastani wa seli moja, 64, wakati mtu mzima kwa kawaida hashuki chini ya 80. Nikamuuliza kama amewahi kuambiwa ana damu ndogo. Akacheka: tangu shule ya msingi, kila akipimwa anapewa vidonge vya kuongeza damu, anavimaliza, na damu inabaki palepale.

Mtu aliyepungukiwa madini ya chuma huwa na seli ndogo, ila kwa kawaida huwa nazo chache pia, maana malighafi haitoshi. Seli ndogo sana halafu nyingi kupita kiasi ni sura nyingine. Kuna hesabu ya haraka tunayoifanya pembeni ya karatasi: gawanya MCV kwa idadi ya seli katika mamilioni. Ikivuka 13, shuku chuma. Ikiwa chini yake, shuku thalasemia, hitilafu ya kurithi inayofanya himoglobini itengenezwe kidogo. 64 gawanya kwa 6.1 ni 10 na ushee. Hesabu hiyo ni fununu tu, haitoshi kumwambia mtu ana kitu fulani. Nilimwambia kwamba siwezi kumpa jibu leo, lakini asimwambie mtu yeyote kwamba mtoto si wake mpaka damu zao tatu zipimwe kwa pamoja. Alipiga simu Muheza akiwa bado amesimama pale dirishani. Sikusikia alichosema.

Sampuli za baba, mama na mtoto zilikwenda Dar es Salaam kwenye kiboksi cha barafu, kwa kipimo kinachozitenga himoglobini moja moja na kuonyesha kila aina ni asilimia ngapi. Kabla ya kutoa damu tuliuliza swali ambalo wengi husahau: mtoto ameongezewa damu ndani ya miezi mitatu? Angekuwa ameongezewa, tungepima damu ya mchangiaji tukaita ya mtoto. Hakuwa ameongezewa.

Majibu yalisomeka hivi. Mama: himoglobini A, ile nzuri ya kiutu uzima, asilimia 60, S 36, A2, aina nyingine ya kiutu uzima ambayo huwa kidogo tu, kiasi cha kawaida, mbebaji wa selimundu kama ilivyojulikana. Mtoto: S 78, F 16, A2 5.6, na A hakuna kabisa. Baba: S hakuna hata chembe, A nyingi tu, ila A2 yake 5.2, ambapo ya kawaida haizidi 3.5. A2 iliyopanda pamoja na seli ndogo nyingi ndiyo alama ya mbebaji wa beta thalasemia. Mtoto alikuwa amechukua S kwa mama na thalasemia kwa baba.

Walipokuja wote wawili kusikiliza, nilitumia mfano wa matofali, kwa kuwa baba anajenga. Nyumba yenu, nikasema, ina mafundi wawili wa kufyatua tofali za aina moja, mmoja kaletwa na ukoo wa baba, mwingine na ukoo wa mama. Tofali ni ule mnyororo wa beta wa himoglobini. Mama ana fundi mmoja mzuri na mmoja anayefyatua tofali zilizopinda. Yule mzuri anafanya kazi ya kutosha, nyumba inasimama, na mama ni mzima. Baba ana fundi mmoja mzuri na mmoja ambaye haji kazini. Tofali zake zote ni nzuri, ila ni chache, ndiyo maana seli zake ni ndogo. Naye ni mzima. Sasa mtoto hakupewa fundi mzuri na yeyote kati yenu. Kwa mama amepata wa tofali zilizopinda, kwa baba amepata asiyekuja kazini. Kila tofali inayoingia kwenye ukuta wake imepinda.

Mama, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza swali lililo sahihi kuliko yote niliyoulizwa katika kisa hiki: "Kwa hiyo kile cha baba si sikoseli, lakini kinakaa mahali palepale pa sikoseli?"

Ndiyo, mahali palepale. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, na ndani yake herufi zipatazo bilioni 3 za maandishi ya urithi. Jeni ya beta globini iko kwenye kromosomu ya 11. Selimundu ni badiliko la herufi moja: neno lililotakiwa kusomeka GAG linasomeka GTG, basi kwenye mnyororo wa asidi amino 146, ile ya sita inakuwa valini badala ya asidi glutamiki. Protini inatengenezwa, ila inanata na wenzake ikikosa oksijeni. Thalasemia iko ndani ya jeni hiyohiyo lakini haina kosa moja. Makosa yanayojulikana yanahesabiwa kwa mamia: kwingine herufi imeharibika pale seli inapojua ikate wapi na iunge wapi, kwingine kipande kizima kimedondoka, kwingine kuna amri ya "simama" katikati ya sentensi. Yote yanaishia kwenye protini kidogo mno au hakuna. Kwa hiyo sheria aliyoisoma baba kwenye simu ingepaswa kusomeka hivi: mtoto huugua nakala zake zote mbili za jeni hiyo zikiwa na hitilafu. Haikusema lazima hitilafu zifanane.

Lipo jambo ambalo lingeweza kunipotosha hata mimi. Seli ndogo kwa mtoto mwenye S nyingi hazithibitishi beta thalasemia. Huku pwani kuna thalasemia nyingine, ya alfa, inayotokana na jeni za kromosomu ya 16, na imeenea mno. Kilifi, kwa mfano, zaidi ya nusu ya watu wanayo kwa kiasi fulani na wengi wao hawajui kwa sababu haiwasumbui. Mtoto mwenye S mbili akiwa na alfa thalasemia naye ana seli ndogo. Hata ile A2 ya juu, kwenye damu yenye S nyingi, mashine zingine huipandisha kuliko ilivyo. Kwa karatasi ya mtoto peke yake ningeandika "selimundu" na kusaini. Damu ya baba ndiyo iliyotoa jibu, na ndiyo sababu nawasihi wenzangu wa maabara: mtoto akitoka hivyo, waiteni wazazi wote wawili siku moja.

Ilitoka wapi? Baba alisema babu yake mzaa baba aliletwa na kaskazi kutoka Sur, Omani, akaoa hapahapa, akazikwa hapahapa. Beta thalasemia si ya kawaida kwa wenyeji wa kwetu kama selimundu, bali ni ya kawaida kuzunguka Mediterania, Ghuba, na mpaka Bara Hindi. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la bahari. Omani wana zote mbili, watu wapatao 6 katika 100 wakiwa wabebaji wa selimundu na wapatao 2 wa beta thalasemia. Saudi Arabia tangu 2004 wachumba hupimwa kabla ya ndoa kwa sheria, na hupimwa yote mawili, si selimundu pekee. Kwetu tunapima S kwa sababu S ndiyo inayotuumiza zaidi: Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Lakini pwani ya majahazi haijawahi kuwa na damu ya namna moja.

Na zote mbili zimedumu kwa sababu ya malaria. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mbebaji wa S ana kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo maana S imejaa pale palipo na mbu wengi. Thalasemia nayo ilishukiwa hivyohivyo hata kabla ya hapo. Babu wa Sur na mababu wa Muheza walipigana na adui mmoja kwa silaha mbili tofauti, na silaha hizo zimekutana ndani ya mwili wa mtoto wa miaka miwili. Haya nilimwambia bibi alipokuja wiki iliyofuata. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama na yeye apimwe. Tukampima: seli za ukubwa wa kawaida, A2 ya kawaida. Basi imetoka kwa marehemu mumewe. Bibi akakumbuka kwamba marehemu alikuwa na dada aliyekuwa haishiwi kupewa maini na mchicha kwa ajili ya damu, mpaka akazeeka.

Lazima niseme wazi majibu haya yamethibitisha nini na hayakuthibitisha nini. Hayakuthibitisha ubaba, himoglobini haifanyi kazi hiyo. Yameondoa ile sababu pekee iliyofanya mtu ashuku, na zaidi ya hapo, yameonyesha mtoto ana kitu adimu ambacho baba huyuhuyu anacho na mama hana. Baba alipouliza kuhusu kipimo cha DNA nilimweleza kwamba kwa Tanzania bara kinafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya 2009, na kina utaratibu wake. Alitazama karatasi yake na ya mtoto zikiwa zimelala pamoja, 5.2 na 5.6, akasema hakihitaji. Akamgeukia mkewe. Aliomba radhi mbele yangu na mbele ya muuguzi, kwa sauti ya kusikika, na mkewe hakumjibu siku ile. Nadhani alikuwa na haki ya kutojibu.

Suala la ujauzito mwingine lilichukua muda mrefu. Katika kila mimba, mama hutoa nakala nzuri au S, nusu kwa nusu. Baba hutoa nzuri au ya thalasemia, nusu kwa nusu. Nusu ya nusu ni robo. Robo watoto wasio na chochote, robo wabebaji wa S, robo wabebaji wa thalasemia, robo wagonjwa. Baba alifurahi: "Basi mgonjwa wetu tumeshampata, watatu wanaofuata ni wazima." Wengi husema hivyo, na ni hatari. Mimba haikumbuki iliyopita. Ya tatu ina robo ileile, na ya nne pia. Binti yao wa miaka sita hana dalili yoyote, na mama alitaka apimwe siku hiyohiyo. Tulishauriana na daktari, tukakubaliana asubiri akue ajiamulie mwenyewe, kwa kuwa jibu lake halibadilishi tiba yoyote leo. Mama alikubali kwa shingo upande.

Mtoto anatibiwa kama mwenye selimundu, maana mwili wake hauna himoglobini A hata kidogo: foliki asidi, penisilini ya kila siku mpaka afike miaka mitano, chanjo ya nimonia, chandarua, na haidroksiurea. Hii ya mwisho inaifufua ile F ya tumboni, na utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliotolewa 2019, ulionyesha watoto wa Afrika wanaitumia kwa usalama na wanaugua kidogo zaidi. Mama amefundishwa kumpapasa wengu upande wa kushoto chini ya mbavu na kukimbia hospitali akiukuta umekua ghafla. Kwa mwaka huu wa kwanza wa dawa amelazwa mara moja. Vidonge vya kuongeza damu baba ameviacha. Havikuwa na kazi kwake, na kwa mwenye thalasemia kumeza chuma bila kupimwa kiwango chake si jambo la kufanya.

Mke alirudi Tanga baada ya mwezi wa Ramadhani. Juzi mdogo wa kike wa baba alikuja maabara, anaolewa mwezi ujao, mchumba wake amesimama nyuma yake ameshika fomu mbili. Siklingi hawakuitaka. Waliomba picha kamili ya damu, na kama MCV ni ndogo, sampuli ziende Dar es Salaam. MCV ya binti imetoka 66, ya kijana 88. Tunasubiri boksi la Alhamisi.